Tulikemea Roho ya Kusahau, Kumbe Sikuwa Nimesahau Kitu

Jina la Yesu lihimidiwe, watu wa Mungu! Nawasalimu nyote, wa hapa Wiyoni na mliovuka maji asubuhi hii. Mimi ni Mama Neema, mke wa yule askari anayekaa nyuma kule karibu na mlango. Leo sikuja kuimba. Nimekuja kusema Bwana alivyonitoa kwenye aibu ya Kemia.

Msicheke! Kemia ilinitesa, ndugu zangu. Tangu nikiwa msichana kwetu Kitui nilitaka kuwa muuguzi, na chuo kilisema kama huna C ya Kemia, usijisumbue. Nilifeli. Nikaolewa, nikazaa, nikarudia mtihani wa kidato cha nne nikiwa mama mzima. Nikafeli tena! Mume wangu akaniambia kwa upole, "Mama Neema, jaribu mara hii moja. Ikikataa tuache, umeumia vya kutosha." Nililia kwa sababu alisema kwa huruma. Angenigombeza ningepata nguvu za kubisha.

Sasa mnanijua. Mashindano ya kukariri mistari ya Biblia, nani hushinda hapa? Ni mimi! Basi Kemia nayo niliisoma hivyohivyo. Nilikariri swali la mtihani wa zamani na jibu lake, mpaka na ukurasa. Ukinigusa tu, namwaga. Nikifika kwenye chumba cha mtihani, wamegeuza swali kidogo, nabaki nimeduwaa. Nilikuja mbele hapa mkanizunguka, tukakemea roho ya kusahau. Tulikemea mpaka sauti zikatukauka! Ndugu zangu, roho hiyo haikuwepo. Sikuwa nimesahau kitu. Nilikuwa sijaelewa.

Bwana akanipeleka mtaa wa Mkomani, kwa Bi Salma. Ni mama wa Kiislamu, amestaafu ualimu wa Kemia, na nilikuwa nampelekea nguo nilizomshonea. Aliniona na kitabu kwapani akaniuliza moli, kile kipimo cha Kemia, ni nini. Nikasimama wima, nikamwaga yote, na ile namba yake ndefu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mashaallah," akasema. "Sasa nambia maana yake."

Nikaanza kumwaga tena.

"Ndoo, keti," akaniita karibu yake, na kitabu akakifunga. "Korija ya boriti ni ngapi?"

Anayekaa Lamu na hajui korija, amefika jana. "Ishirini," nikasema.

"Na korija ya pau?"

"Ishirini pia."

"Zina uzito mmoja?"

"Haiwezekani, Bi Salma! Boriti ni mti mnene wa mkoko. Pau ni mwembamba."

"Hesabu ni moja, uzito mbalimbali. Basi moli ni korija ya vitu vidogo visoonekana kwa mato. Moli ya hiki na moli ya kile, hesabu yake ni moja. Uzito ndio utakaouliza kila mara, ni wa kitu gani? Mngu amekupa akili, mwanangu. Wewe waifanya sanduku la kuwekea maneno."

Haleluya! Nilisikia kitu kinafunguka kichwani. Nililia palepale kwenye kiti chake, na yeye akaniletea kahawa na halua, akaniambia nikimaliza kulia kuna hesabu zinangoja. Nikawa naenda kila alasiri. Hakuniruhusu kukariri hata mstari mmoja. Nikijibu, ananiuliza kwa nini. Nilimchukia kidogo, Bwana anisamehe.

Siku ya mtihani ikafika. Swali la moli nikalitambua mara moja, kaboneti inachomwa, gesi inatoka, tafuta uzito wake. Hilo nalijua! Mkono ukaanza wenyewe kuandika mia moja, uzito wa moli ya kaboneti ya kalsiamu. Halafu nikajiuliza, lakini hii ni korija ya nini? Nikasoma upya. Ilikuwa kaboneti ya magnesiamu, si ya kalsiamu! Nikakata ile mia, nikajumlisha upya, nikapata themanini na nne. Nikaendelea taratibu huku machozi yananitoka, msimamizi akadhani naumwa.

Matokeo yalipotoka nilikimbia Mkomani na kanga moja. B, ndugu zangu! B ya Kemia! Bi Salma akasema Alhamdulillahi, mimi nikasema Haleluya, tukashikana mlangoni tukalia, kila mmoja akimshukuru Mungu kwa maneno yake.

Nimepata nafasi chuo cha uuguzi, naondoka wiki hii. Asanteni kwa maombi yenu, hata yale tuliyoyaelekeza kwa roho ambayo haikuwepo. Mungu alijua tunataka nini.

Na wewe dada uliyefeli, unayejificha nyumbani ukisema kichwa chako ni kizito, nakusihi, mtumaini Bwana. Omba. Kisha ukishasema amina, inuka ukabishe hodi kwa anayejua. Mimi nilibisha hodi nyumba ambayo sikuitarajia, na Mungu alikuwa ndani.