Miaka Thelathini na Minne Kwenye Koo la Bomba

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Mkuu wa Vipimo wa kiwanda chetu cha maji atakabidhi funguo na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe na ameagiza zisisahaulike. Kwenye faili la ajira ana jina refu la heshima, lakini hapa kiwandani hata barua za makao makuu humfikia zikiwa zimeandikwa "Mama Koo". Nasi tutamwita hivyo hivyo, maana akiitwa kwa jina jingine hageuki.

Kwa familia na wageni wasiojua asili ya jina hilo, si kwamba ana sauti kubwa, ingawa anayo. Bomba kuu linalopeleka maji mjini lina upana wa kuingiza kichwa cha mtu mzima pamoja na kofia yake. Hatua chache nje ya chumba cha pampu, ndani ya shimo la saruji lenye mfuniko wa chuma, bomba hilo linabanwa taratibu mpaka nusu ya upana wake, kisha linapanuka tena polepole. Hapo palipobanwa panaitwa koo. Maji yaliyokuwa yakitembea kwenye sehemu pana hulazimika kukimbia yakifika kooni, na yakikimbia, presha yake hushuka. Vijibomba viwili vyembamba, kimoja kutoka sehemu pana na kingine kutoka kooni, huzileta presha hizo mbili kwenye kioo kilichopindwa chenye zebaki ndani. Ukisoma tofauti yake unajua kasi ya maji, na ukijua kasi unajua ni kiasi gani kimekwenda mjini. Kioo hicho na koo hilo, ambavyo kwa pamoja ndiyo mita yetu, ndivyo vilivyomlea Mama Koo, au pengine yeye ndiye aliyevilea.

Neno "hushuka" hapo juu limewaoshesha watu vikombe. Karibu kila binadamu akiulizwa atasema kwamba mahali pembamba ndipo penye presha kubwa. Mama Koo alilijua hilo, akatengeneza bomba dogo la kioo lililobanwa katikati, akatia maji yenye wino wa bluu, na kila mgeni kazini alitakiwa kubashiri kabla bomba halijafunguliwa. Aliyekosea aliosha vikombe vya chai vya idara nzima kwa wiki moja. Orodha ya waoshaji ina wahandisi wanne wenye shahada, mkaguzi mmoja kutoka makao makuu, na Meneja, aliyeosha vikombe tai ikiwa imetupwa begani. Mimi ninayeandika haya, mwendesha pampu, niliosha wiki mbili, kwa sababu nilibisha.

Nyumbani hali haikuwa tofauti. Mumewe, fundi cherehani ambaye sote tumevaa suruali zake, aliwahi kutuambia kwamba yeye hakuoa mke, alioa mita. Anasema akifungua bomba la jikoni anasikia sauti kutoka chumbani ikimwambia ni lita ngapi zimepita. Na siku muuguzi wa zahanati alipomfunga mkono Mama Koo na kumwambia presha iko juu kidogo, mgonjwa wetu alitaka kwanza kujua kifaa kile kilihakikiwa lini, na nani alitia saini.

Kwa kuwa sifa za mstaafu hazinogi bila aibu za wenzake, nitaeleza yangu. Wiki yangu ya kwanza niliachwa peke yangu na pampu moja. Kiokoo, kama nilivyokuwa nakiita kile kioo, kilionyesha tofauti ya sentimita mbili. Nikawasha pampu ya pili kama nilivyoagizwa, tofauti ikaruka hadi sentimita nane. Nikapiga hesabu ya haraka: mara nne! Maji mara nne, mji utafurika! Nikazima pampu zote, nikapiga king'ora, nikampigia simu Meneja. Alifika mbio akiwa na kitambaa cha kinyozi shingoni na nusu ya kichwa imenyolewa. Mama Koo alitoka shimoni akijifuta mikono, akatutazama sisi wawili, mimi na simu bado mkononi, na Meneja na nusu yake ya nywele.

"Mara mbili, mwanangu," alisema. "Tofauti ikipanda mara nne, maji yamepanda mara mbili tu. Pampu mbili, maji mara mbili. Bosi, rudi ukamalizie upande wa pili."

Lakini tukiishia kwenye vichekesho tutakuwa tumemwaga nusu ya habari yake, na mwenyewe ametukataza. Alipoambiwa kwamba makala haya yanaandikwa, aliniita pembeni akaniambia, "Na lile la tangi uliandike. Usilipambe."

Basi hili ndilo la tangi. Ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili wa utumishi wake, kiangazi kikali, mitaa ya juu ikipata maji siku mbili kwa wiki. Mita ya Mama Koo ilisema kiwanda kinapeleka mita za ujazo mia sita kila saa. Tangi la mlimani, kwa daftari la mlinzi wake, lilikuwa linapokea mia tano. Mia moja zilikuwa zinayeyuka njiani. Tulitembea juu ya bomba lote, kilomita saba, tukitafuta majani mabichi na udongo wenye unyevu. Hatukuona hata tone.

Kikaitishwa kikao. Mlinzi wa tangi ndiye mwenye ufunguo wa bomba la kumwagia maji nje, na ndiye anayeandika daftari, hivyo akashukiwa kuiba. Alisema hajui kitu. Meneja akauliza kama kuna uwezekano mita ikawa imekosea, na chumba kizima kikacheka. Mama Koo naye alicheka. Kila mwaka kwa miaka kumi na miwili, yaani tangu alipokuwa fundi mkuu, alikuwa ametia saini cheti kwamba mita iko sawa. Cheti hicho kikawekwa mezani. Mlinzi akasimamishwa kazi, akapewa wiki mbili za kuhama nyumba ya kiwanda iliyo chini ya tangi, yeye na mkewe na watoto watatu.

Siku ya tatu Mama Koo alipanda mlimani kuchukua vifaa vya kusomea kina cha maji. Mkewe mlinzi alikuwa barazani akifunga sahani kwenye magazeti. Mlinzi alimkabidhi vifaa vyote kwa utaratibu, kimoja kimoja, kisha akamwambia maneno ambayo Mama Koo ameyarudia mbele yetu mara nyingi: "Mama, mita hainijui. Wewe unanijua."

Alishuka mlima bila kusalimia mtu. Mimi nilikuwa zamu. Alikaa mbele ya kioo chake, akaniuliza, "Hivi ndani ya koo lenyewe, umewahi kuona?" Nikamjibu sijawahi. "Hata mimi," akasema. Kila mwaka alikuwa anasafisha vijibomba, anapima zebaki, anakagua kioo. Koo lenyewe halikuwa limefunguliwa tangu bomba lilipolazwa.

Alimwomba Meneja asimamishe bomba kuu kwa siku moja. Meneja akakataa, na mtu hawezi kumlaumu, mji mzima ulikuwa na kiu. Ndipo Mama Koo akapata njia nyingine. Hodhi letu la maji safi, ambamo pampu hunyonya, lina urefu wa mita arobaini na upana wa mita ishirini na tano, kuta zake zimenyooka. Kila sentimita ya maji ndani yake ni mita za ujazo kumi. Akaomba saa moja tu: maji yasiingie hodhini, pampu zinyonye kama kawaida, yeye asimame ukingoni na rula.

Tulisimama watano. Meneja alishika saa. Kioo kilisema mia sita, hakikutikisika. Kama kioo kilisema kweli, maji ya hodhi yangeshuka sentimita sitini. Saa ilipotimia Mama Koo alilala kifudifudi ukingoni, akasoma rula, akainuka, akalala akasoma tena. Kisha akanipa mimi nisome, kwa sababu alisema macho yake leo hayaamini.

Sentimita hamsini. Mita za ujazo mia tano, zile zile za daftari la mlinzi. Hakuna aliyeiba maji. Yale mia moja hayakuwahi kuondoka kiwandani. Yalikuwa ndani ya mita tu.

Meneja sasa hakuwa na la kukataa. Bomba lilisimamishwa Jumapili, bolti zikafunguliwa, Mama Koo akaingiza tochi na mkono mpaka begani. Koo lilikuwa limejaa chokaa kama birika la chai la ofisini, gumu kama jiwe, unene wa kidole cha mwisho kuzunguka pande zote. Koo likiwa jembamba kuliko linavyojulikana, maji hukimbia zaidi, presha hushuka zaidi, na kioo huamini kwamba maji ni mengi. Kioo hakikuwa na kosa. Kilisoma vizuri kabisa koo ambalo halikuwa lile la kwenye cheti.

Kwenye kikao cha Jumatatu, Meneja, kwa nia njema, alianza kusema kwamba kifaa kimechakaa. Mama Koo akasimama.

"Kifaa hakijachakaa, Bosi. Mimi ndiye niliyetia saini mara kumi na mbili kwamba pako sawa, na ndani sikuwahi kuangalia. Na hapa kwenye kiti hiki nilimcheka mtu."

Mchana huohuo alipanda mlimani kwa miguu na barua ya kumrudisha mlinzi kazini, pamoja na vile vifaa vyake. Mlinzi aliisoma mara mbili, akasema "Nimesikia," akaenda kusoma kina cha maji kwa sababu saa ya kusoma ilikuwa imefika. Mama Koo aliingia ndani akamsaidia mkewe kufungua magazeti na kurudisha sahani kabatini. Ilichukua miezi mitatu kabla mlinzi hajamwita tena "mama", na Mama Koo hakumharakisha.

Tangu hapo mambo mawili yalibadilika. Koo hufunguliwa kila mwaka, liwe na chokaa lisiwe nayo. Na cheti cha mita kina nafasi ya saini mbili, ya pili ikiwa ya mtu asiye wa idara ya vipimo. Makao makuu waliuliza ni nani huyo. Mama Koo aliandika: mlinzi wa tangi. Miaka kumi na miwili sasa wawili hao hushuka shimoni pamoja, yeye na kipimo chake cha mbao cha kupimia upana wa koo, mlinzi na tochi, wakibishana kama ndugu juu ya nani amemkanyaga nani.

Nawashukuru kwa niaba ya wote mumewe na watoto waliotuazima mama yao kwa muda wote huo. Vioo vya zebaki vimeondolewa, sasa tuna mita ya namba inayong'aa, na fundi mpya ameshaosha vikombe.

Cheti cha mwaka huu ndicho cha mwisho chenye jina lake. Kilitakiwa kutiwa saini Jumatano iliyopita, siku aliyovaa gauni jipya aliloshonewa na mumewe na viatu vyeupe kwa ajili ya picha ya kumbukumbu. Bomba lilikuwa limefunguliwa tangu asubuhi, vijana wameshapima, namba ziko sawa, mpiga picha anasubiri. Mama Koo akatia saini, akasogeza karatasi upande wa pili wa meza. Mlinzi akaitazama, akafunika kalamu.

"Umeangalia ndani, mama?"

Alivua viatu, akakunja gauni, akashuka. Picha mtakayoiona ukurasa wa mbele wa programu ya sherehe hii ilipigwa alipopanda juu: tope magotini, tochi mkononi, meno yote nje.

Mama Koo, umetupimia vya kutosha. Nenda kaishi kwa raha, na afya njema, na mzee wako akushonee gauni jingine.