Neno Lililomngoja Mjomba: Maisha ya Mzee Ndaki Maganga (1957–2026)

Tunayemlaza leo katika ardhi ya Mzenga, Mzee Ndaki Maganga, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 wilayani Maswa, mtoto wa tatu katika boma lenye ng'ombe wengi kuliko watu. Tangu utoto hakuwa msemaji. Mama yake alikuwa akitania kwamba mtoto huyu anadhani maneno yananunuliwa dukani.

Alianza shule mwaka 1967 na kumaliza darasa la saba mwaka 1973. Hesabu alizipenda, imla aliikimbia. Siku moja mwalimu alimfuata malishoni ili amrudishe darasani, naye akampa maziwa, akamwonyesha namna ya kukamua, na wote wawili wakarudi jioni. Mwalimu huyo hakumchapa tena.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Martina, wakajaliwa watoto watatu: Holo, Silvanus na Loyce. Mwaka 2009 familia ilihamia Mzenga na mifugo yake. Hapa kila mtu alikijua chuma cha moto cha Mzee Ndaki. Ng'ombe aliyevimba goti aliletwa kwake, akachomwa mara moja, na baada ya muda akarudi malishoni. Hata jirani yake Mzee Saburi, ambaye waligombana naye mwanzoni kwa ajili ya mihogo iliyoliwa na ng'ombe, alimletea mbuzi wake, na tangu siku hiyo wakawa watu wa kuombana chumvi.

Juni mwaka jana Mzee Ndaki alianguka joshoni akiogesha mifugo, akazirai mbele ya ng'ombe wake. Binti yake mkubwa, Holo, mtumishi wa serikali anayeishi Kwa Mathias, Kibaha, alimpeleka hospitali ya rufaa jijini. Ilionekana kwamba moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno, na mara nyingine ukisita kabisa. Daktari Ipyana aliwaeleza kwamba kuna njia mbili za kuutibu moyo wa namna hiyo. Ya kwanza ni kifaa cha betri, kinachowekwa chini ya ngozi karibu na bega na kuushtua moyo kila unapozembea. Kifaa hicho hukaa mwilini, hukaguliwa kliniki, na betri ikichoka baada ya miaka hubadilishwa. Ya pili ni kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni na kuichoma mishipa ya fahamu inayoupunguzia moyo mwendo. Hiyo haiachi kitu mwilini, lakini bado ni ngeni.

Mzee aliposikia neno kuchoma, uso ulimchangamka.

"Basi nichomeni," alisema. "Ng'ombe ukimchoma, kazi imekwisha. Hicho kingine ni kengele. Ukishamfunga mnyama kengele, kila siku unamfuata. Kliniki mara kwa mara, kutoka Mzenga, na barabara hii?"

Daktari alicheka, akamwacha apumzike. Mlangoni alimwambia Holo peke yake: "Dada, kuchoma huwafaa wale ambao moyo wenyewe ni mzima, ila mishipa ya fahamu inaukandamiza, na wengi wao ni vijana. Moyo wa mzee umechoka wenyewe. Hata tukichoma, hautaamka. Anahitaji betri, na asichelewe."

Holo alielewa kila neno. Lakini katika nyumba ile mtoto hamwambii baba yake usoni kwamba amekosea. Neno zito huletwa na shemeji. Holo akampigia simu mjomba wake Ngusa, kaka wa Martina, aje kutoka Maswa. Mjomba akaahidi kuja baada ya mavuno. Mavuno yakapita, ukaja msiba wa huko, kisha mvua. Kila Jumamosi Holo alikuja Mzenga na mikate na dagaa, na kila Jumamosi baba aliuliza, "Wamesemaje kuhusu kunichoma, mama?"

"Bado tunaulizia, baba."

"Haya."

Hivyo ndivyo heshima ilivyokula miezi. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, Mzee Ndaki alifungua zizi, akaketi akiegemea nguzo, na hakuinuka tena. Mjomba Ngusa alishuka basi siku ya Alhamisi, akakuta turubai la msiba.

Haya yanasomwa kwa ombi la Holo. Msibani hapa watu wameanza kunong'ona kwamba mzee amerogwa, na jina la Mzee Saburi limetajwa. Mzee Saburi ndiye aliyelichimba kaburi hili. Holo anawaomba mjue kwamba baba yake hakurogwa na mtu, bali alikufa kwa ugonjwa wenye dawa, na neno la dawa hiyo lilikuwa kinywani mwa Holo mwenyewe.

Jana mchana, wakichambua mchele, Martina alimweleza binti yake jambo ambalo Holo hakulijua. Siku ile hospitalini, Holo alipokwenda kuchukua dawa, mzee mwenyewe alimuuliza daktari, akajibiwa kwamba kuchoma hakumfai. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Kengele nitaifunga. Lakini nikitangulia kusema, nitamwaibisha mtoto, ataona sikumwamini. Holo akiniambia, siku hiyo hiyo tunaondoka." Akalifua shati lake la bluu, akalitundika nyuma ya mlango, tayari kwa safari ya hospitali. Kila Jumamosi alipouliza, alikuwa akimfungulia binti yake njia ya kusema.

Shati hilo ndilo tulilomvika leo.

Mzee Ndaki ameacha mjane, Martina, watoto Holo, Silvanus na Loyce, wajukuu saba, shemeji yake Ngusa, na jirani yake Saburi, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu.

Apumzike kwa amani. Nasi tulio hai, Mungu atufungue vinywa mapema.