Mkamwana Aliyeshonwa

Ndani ya basi la Igowole, Mama Twilumba alicheka utani wa jirani yake wa kiti, Mwantumu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita hakubana mapaja kuzuia mkojo. Akamnong'oneza kwamba mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa kizazi kilichokuwa kikishuka.

"Na huko msibani ukweni unakokwenda, kazi utaziwezaje?" Mwantumu, asiyejua kunong'ona, aliuliza.

"Wakamwana ndio tunaoteka maji."

"Daktari alisemaje?"

"Nisibebe kizito miezi mitatu. Lakini mawifi watasema nadeka, dada."

"Waseme! Mdomo wao, mshono wako."

Basi likasimama. Alipofika msibani, wifi yake mkubwa alimkumbatia, akampa pole ya safari, halafu akampa ndoo.