Agustino Banzi na Bondwa ya Kumi na Mbili

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Mafiga mliopanda mpaka hapa Kinole, na ninyi watani mlioanza kucheka kabla karatasi haijakunjuliwa, familia imemteua Yakobo Severini Banzi, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, na mkimwona anasoma polepole msiusingizie ukungu wa mlimani, ni kwa sababu humu ndani kuna namba moja anayoiogopa.

Marehemu Agustino Severini Banzi alizaliwa hapa Kinole tarehe 28 Agosti 1971, siku ya Mtakatifu Agustino, jambo lililompunguzia baba kazi ya kutafuta jina. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari Morogoro Mjini hadi 1989, na tangu utoto alihesabu kila kitu, ngazi za kanisa, mikungu ya ndizi, hata vipande vya nyama kwenye bakuli la mdogo wake.

Mwezi Machi 1992 aliajiriwa na mamlaka ya maji kuwa msoma mita, akaizunguka mitaa ya mji kwa miguu miaka thelathini na moja, mbwa wote wa Mafiga wakimfahamu kwa harufu, na sifa yake ilikuwa moja, hakuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake, akikuta geti limefungwa alirudi kesho, na kesho kutwa, mpaka mwenye nyumba aone haya. Mwaka 2023 kazi hiyo ikaanza kufanywa kwa mitambo, Agustino akapewa meza na kiti, miguu ikakosa kazi na tumbo likapata.

Tarehe 26 Septemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Devotha Mikaeli, wakajaliwa watoto watatu, Lucy mwaka 1999, Innocent mwaka 2003 na Esther mwaka 2008, na wote wako hapa mbele yenu.

Mwezi Januari 2025 wafanyakazi wenzake walibuni shindano waliloliita Bondwa Kumi na Mbili, yaani mtu aanzie Morningside, apande msituni hadi kilele cha mlima Bondwa kwenye minara ya mawasiliano, ashuke, apande tena, mara mbili kwa siku kwa siku sita, na Agustino alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Tarehe 19 Mei daktari alimwambia kwamba moyo wake umetanuka, ameze dawa kila siku, apunguze chumvi na asahau kabisa habari za milima, na aliyekuwa amemsindikiza ni Yakobo peke yake. Pale nje ya hospitali kaka alisema, "Yakobo, haya yaishie hapahapa, Devotha akijua haniachii hata nipande kitanda," na Yakobo, ambaye ameendesha malori hadi Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura akinyamaza vizuri mbele ya maofisa wa kila mpaka, alinyamaza na pale, mahali pekee alipopaswa kupiga kelele.

Tangu siku hiyo Yakobo hakulala usingizi wa maana, akaona adhabu inayomfaa ni kupanda naye, akibeba chupa ya chai na vidonge ndani ya mkoba wa zamani wa kusomea mita, akisikiliza pumzi za kaka yake kwa makini kuliko anavyosikiliza injini, huku zake mwenyewe zikitoka kama breki za semitrela, mpaka Pazi, kijana aliyewaongoza njia, akamwambia, "Babu, wewe panda hata kwa magoti, mlima haukasiriki." Nyumbani kwao Mafiga mama Lucy alikuwa na utaratibu wake, Agustino akifika kileleni anambipu mara moja na kukata, na kabla ya mlio huo hafui, hapiki, wala hakai kitako. Chakula cha nyumba hiyo nacho kilikuwa kimepungua ladha tangu Mei, ndugu hawa wakilalamika kila jioni, Yakobo akiuliza, "Shemeji, umegombana na mwenye duka la chumvi?" naye akijibu, "Kuleni hivyohivyo."

Shindano lilianza Jumatatu ya Sabasaba, na mara kumi na moja simu ililia ikakatwa. Jumamosi tarehe 12 Julai, mchana, safari ya kumi na mbili, minara ikiwa imeshaanza kuonekana katikati ya ukungu, midomo ya Agustino ilibadilika rangi, akakaa kwenye mzizi, akauliza bado kiasi gani, Pazi akasema dakika ishirini, naye akaitazama ile minara kisha akasema, "Andika kumi na moja, tunashuka." Pazi alimshika mkono, na Yakobo, akimfikiria shemeji yake anavyozunguka uani na simu mkononi, saa ya kubipu ikiwa imepita, aliichukua simu ya kaka yake akabipu, na kwa hofu akasahau kukata upesi.

Walipofika nyumbani walipokelewa kwa vigelegele, majirani wameshausikia mlio wa simu wakahesabu kumi na mbili, habari ikafika kazini, na wiki iliyofuata wenzake wakamkabidhi ngao yenye namba hiyo, ngao ambayo marehemu hakuitundika, aliisukuma nyuma ya kabati, kwani ili kuikataa ingebidi aeleze kwa nini aligeuka.

Mwezi Novemba miguu ilianza kuvimba, tarehe 22 Januari 2026 akalazwa, na tarehe 30 alimwambia mdogo wake, "Siku yangu ikifika utasoma wewe, usiwasomee mita ambayo hukuiona." Agustino alifariki Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa tano asubuhi. Kama mlima ulimpunguzia siku au ulimwongezea, Yakobo hajui, daktari naye hakusema, na swali hilo atatembea nalo.

Jana mchana karatasi hii ilisomwa kwanza kwenye kikao cha familia, wazee wakashauri iachwe kumi na mbili, ya nini kuaibishana msibani, ndipo mama Lucy akasema, "Shemeji, mume wangu hubipu mara moja, siku ile ililia mara nne, nilijua ni wewe, na nilijua hamkufika." Yakobo akataka kuomba radhi kwa habari ya ugonjwa, naye akamkatiza, "Vidonge nilivikuta kwenye mkoba tangu Mei, ile chumvi ulidhani nimeisahau? Nilimwacha apande kwa sababu alikuwa anarudi anacheka. Soma kumi na moja."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mafiga kwa maji na maturubai, wafanyakazi wenzake, ambao ngao yao itarudishwa ili irekebishwe, na Pazi, aliyemshusha kaka yetu akiwa hai.

Kaka Agustino, mita yako imesomwa na aliyeiona kwa macho yake, nayo ni kumi na moja. Pumzika kwa amani.