Tecla Chepkemoi, Mwoka Mkate Aliyeitwa Mpika Busaa

Marehemu Tecla Chepkemoi alizaliwa tarehe 4 Mei 1968 karibu na Kipkelion, kifungua mimba wa nyumba yetu. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Chepkurui. Nikisema kitu kwa ukali mnisamehe, ni yeye aliyenifundisha kuongea.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, mwaka wa 1983. Alipita vizuri, lakini karo ilienda kwa kaka zetu. Hakulalamika. Kulalamika ni kazi yangu.

Mwaka wa 1989 aliolewa na Johana, wakajenga hapa Kapkatet. Mungu aliwapa Dorine na Weldon. Alichuma majani chai ya shamba lao kwa mikono yake mpaka mgongo ukamkataza.

Mwaka wa 2020, shule zikiwa zimefungwa na hamira imekosekana madukani, Dorine alimwonyesha kwa simu jinsi watu wanavyooka mkate bila hamira. Unakoroga unga na maji, unaacha mpaka uchachuke wenyewe, halafu unailisha hiyo chachu unga kila siku kama mtoto. Johana alipofunua chupa ya chachu hiyo aliruka.

"Mama Dorine, hii kitu imeoza!"

"Haijaoza. Ina njaa," Tecla akamjibu, akaongeza unga.

Alioka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mkate ulitoka na ganda gumu linalolia ukikata, na ukali kidogo ndani kama wa mursik, maziwa yetu ya kuchacha kibuyuni. Kanisa likampa kazi ya kuoka mkate wa Meza ya Bwana. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote alizowahi kufanya.

Mwaka wa 2023 jirani yetu Drusilla, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, aliomba chachu. Akapewa bakuli zima. Alifika kwake akaimimina kwa kibuyu cha mursik kilichotoka tu kusuguliwa makaa ya mti wa senetwet, eti kila kitu kichachu hukaa kwa kibuyu. Makaa yale hutunza maziwa, lakini chachu yaliiua. Badala ya kurudi aombe nyingine, Drusilla alisimama kwa mkutano wa akina mama akasema, "Mnajua mnalishwa nini pale mbele? Machicha ya busaa!"

Wazee wa kanisa hawakumuuliza Tecla hata neno. Walimwondoa kwenye kazi ya mkate. Mwanamke ambaye hakuwahi kuonja pombe akaanza kuitwa mpika busaa, na watoto wa watu wakamwimbia njiani akienda kisimani.

Mchungaji Jairus ameniomba niiruke sehemu hiyo. Mchungaji, imeshachapishwa kwenye kijitabu cha mazishi. Watu wanayo mikononi.

Agosti 2024 Tecla alipatikana na saratani ya koo. Mwishowe hakumeza chochote ila sehemu laini ya ndani ya mkate wake, ambayo Dorine aliilowesha kwa chai ya maziwa na kumwekea kwa ncha ya kijiko. Drusilla alifika hospitalini na mkate wa duka, ule umekatwa tayari.

"Mama Dorine, nimekuletea mkate. Mambo yalishapita."

"Yalipitia wapi?" Tecla akauliza. Sauti yake ilikuwa imebaki uzi tu. "Enda useme kanisani."

"Upone kwanza."

Hakupona. Alituacha Jumatano tarehe 12 Machi 2025, asubuhi, bila kurudishiwa jina lake.

Ameacha mume wake Johana, watoto Dorine na Weldon, wajukuu, mimi mdogo wake, kaka zetu, na chupa ya chachu ambayo inaendelea kula. Anayeitaka aje na chombo chake, atapewa. Drusilla asije na kibuyu wala na bakuli.

Juzi wazee wa kanisa walikuja hapa matangani kumwomba Dorine aoke mkate wa Pasaka. Jibu la familia ni hili: Dorine ataoka siku ile Drusilla atasimama mbele ya watu, aseme jinsi alivyoiua chachu na jinsi alivyodanganya. Asije kuniambia mimi jikoni. Jina la dada yangu aliliharibia mkutanoni, alitengenezee mkutanoni. Akishindwa, kanisa litumie biskuti.

Tecla, wewe pumzika, dada yangu. Drusilla, nikimaliza kusoma, maikrofoni nitaiacha imewashwa.