Miaka Thelathini na Mitano ya Mabomba: Mwalimu Sikudhani Hanifu Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2026 Mwalimu Sikudhani Hanifu atakabidhi funguo za karakana ya bomba katika sekondari yetu ya amali hapa Nzuguni, baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na mitano. Ameomba wasifu wake uwe mfupi na asisifiwe kupita kiasi. Ombi la kwanza tumejitahidi kulitimiza.

Alizaliwa Dodoma mjini, binti wa Mzee Hanifu, muuza vitambaa. Julai 1991 aliajiriwa kufundisha ufundi bomba katika chuo kimoja cha serikali, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na mmoja. Wiki ya kwanza walimwomba awapikie chai, akapika. Wiki ya pili akabandika ukutani orodha ya zamu, jina lake likiwa la mwisho. Wapo mafundi wakubwa mjini hapa ambao hadi leo wanakumbuka siku walipojifunza kuchemsha tangawizi.

Mwaka 2024 mkondo wa amali ulipoanza, mtoto wa kidato cha kwanza akawa anasoma hisabati na kushika spana katika shule ileile, bila mzazi kulipa ada. Mwalimu Sikudhani aliomba mwenyewe kuhamia kwetu. "Hawa nitawapata wakiwa bado wadogo," alisema, "kabla hawajafundishwa kudharau kazi."

Mkobani mwake haikosekani tepu ya kuzibia maji. Kwenye harusi ya Mwalimu Yudith bomba la ukumbi lilipasuka wakati wa keki. Bi Siku, kama tunavyomwita, alikunja gauni, akapotea kwa dakika kumi, akarudi kwenye foleni ya keki akiwa amelowa hadi magotini. Bibi harusi alimlisha kipande kabla ya wakwe.

Lakini mimi Stanley Filipo, ninayefundisha umeme karakana ya jirani, nitamkumbuka zaidi kwa safari ya Kibakwe.

Januari 2025 shule ilifunguliwa bila Hilda Matonya, binti aliyeongoza darasa la bomba. Baba yake alikuwa ameamua abaki nyumbani, Kibakwe. Asiporipoti hadi Ijumaa, nafasi yake ingekwenda kwa mwingine. Jumanne asubuhi Bi Siku alinikuta getini na kuniambia, "Stanley, twende." Tukapanda basi la Mpwapwa, kisha gari dogo la kupanda milima.

Mzee Matonya alitupokea vizuri. "Mbukwa," alitusalimu, akatupa viti na karanga. Kisha akasema yaliyomo moyoni.

"Mwalimu, nilimpeleka mwanangu akasome. Amerudi na spana. Jirani zangu wanasema huko wanapelekwa walioshindwa."

Nilitegemea Bi Siku atataja sera na ajira. Hakutaja.

"Baba Hilda, nakuelewa," alisema. "Nilipoanza kazi hii, baba yangu hakuzungumza nami mwaka mzima. Tulipopatana hakuuliza tena habari za kazi. Amefariki hajaniona nikifunga hata koki moja."

Hapo Hilda, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema taratibu, "Shikamoo mwalimu. Kilula tunachochotea maji kitongoji kizima hakitoi kitu wiki ya pili sasa."

Mwenyekiti wa kitongoji alitoa ruhusa, na kipande cha bomba kikapatikana dukani. Hilda alifuata mkondo wa bomba hadi penye udongo mbichi, akachimba, akakata palipopasuka, akaunga. Akina mama walikuja na ndoo zao. Maji yalipofunguliwa, kiungo kiliachia, yakamrukia usoni. Watu wakaguna. Mmoja akacheka.

"Mwalimu, msaidie," nilinong'ona.

"Kaa hapo. Anafikiri."

Mikono ya Bi Siku ilikuwa imebana mkoba kwa nguvu. Niliona jinsi alivyotamani kuingia kwenye lile shimo. Lakini hakutaka yule baba aondoke na picha ya mwalimu akitengeneza bomba.

Hilda alifunga maji, akaketi juu ya udongo, machozi yakimlengalenga. "Shimo ni jembamba," alisema kama anajisemea mwenyewe. "Mkono haugeuki."

Mzee Matonya aliweka fimbo yake chini. Alikwenda nyumbani, akarudi na jembe, akaingia shimoni kando ya binti yake.

"Niambie nichimbe wapi."

"Huku, baba. Taratibu, usiliguse bomba."

Alichimba kama alivyoelekezwa. Mara ya pili kiungo kilishika, na maji yakatoka kilulani, mekundu kwanza, kisha meupe. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee alinawa udongo mikononi, akatugeukia.

"Mwalimu, gari la asubuhi linaondoka saa ngapi?"

Bi Siku alimjibu ni saa kumi na mbili. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Sikumfuata.

Hilda sasa yuko kidato cha tatu. Si wote waliorudi namna hiyo. Obedi, mwanafunzi mwingine, alifuatwa mara tatu na hakurudi, na Bi Siku bado humtaja kila tunapopanga majina ya muhula mpya.

Sasa anakwenda kupumzika nyumbani Zuzu pamoja na mumewe, Mzee Swalihu, mstaafu wa reli. Mzee ametueleza kwa heshima zote kwamba bomba la jikoni kwao linavuja tangu mwaka juzi, kwa sababu fundi wa nyumba kila Jumamosi yuko kwenye mabomba ya watu.

Bi Siku, asante kwa watoto wa watu uliowafanya mafundi, na kwa sisi wenzako uliotufundisha kusubiri. Mungu akupe afya na siku ndefu. Nenda nyumbani, mama. Jumamosi hii ni ya jikoni kwako.