Pikapu ya Maige Ina Chongo

Kijiwe chetu kipo Kirumba, kwenye mteremko wa kushukia soko la dagaa la Mwaloni, mahali ambapo gari likiachwa hivi hivi litakwenda lenyewe kunywa maji ziwani. Ndiyo maana madereva wetu ambao breki zao za mkono zimekufa, yaani madereva wote tangu haya magari ya mtumba ya Japani yaanze kumiminika, huegemeza pua ya gari kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya benchi, ndipo wanakaa kunywa kahawa ya Shaibu. Jioni ile Maige alikuwa ameegemeza pikapu yake, imejaa magunia ya dagaa wa kwenda Shinyanga usiku huohuo. Tatizo, taa moja ya mbele ilikuwa imekufa. Hata yeye hakujua, mpaka dereva mmoja waliyepishana naye usiku wa kuamkia siku hiyo alipomkuta kwenye kituo cha mafuta akamwambia, "Ndugu yangu, gari lako lina chongo." Basi Maige akaja kijiweni kutafuta ushauri. Kwetu ushauri haujawahi kukosekana hata siku moja. Kinachokosekana ni globu.

Maige: Jamani, niende nisiende?

Wa kwanza kujibu alikuwa Josephat, ambaye tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kushinda gereji akiangalia injini inafunguliwa.

Injinia: Nenda! Mjapani si mjinga. Kaweka taa mbili ili moja iwe ya akiba, kama tairi.

Maige: Na wale wanaonipiga taa kali za fulu usoni?

Injinia: Na wewe mpige fulu. Mwanga una nguvu, bwana. Wako na wake unakutana katikati ya barabara, unasukumana. Mwenye betri dhaifu mwanga unamrudia machoni.

Ngosha: Betri ya Maige si ndiyo ile tunayoisukuma kila asubuhi?

Injinia: Dua la kuku halimpati mwewe.

Hatukujua kuku ni nani hapo, lakini tuliitikia.

Shaibu: Injinia, utatuulia mtu. Fulu ni ya barabara tupu. Ukiona mwenzako anakuja unashusha taa, unapunguza mwendo, macho unayatupa kushoto kwenye ukingo wa lami. Humkodolei.

Injinia: Nani kakufundisha hayo, mzee?

Shaibu: Shemeji yangu. Alikuwa dereva wa basi.

Injinia: Sasa yuko wapi?

Shaibu: Anafuga kuku Mkolani.

Injinia: Mmeona? Kushusha taa kote kule, mwisho wake kuku!

Ngosha, ambaye gari pekee alilowahi kuendesha ni mkokoteni wa ng'ombe, akakiweka kikombe chini.

Ngosha: Kushusha taa ni kushindwa. Juzi nilipanda lori kutoka Magu. Likaja lori lingine, fulu. Dereva wetu naye, fulu. Hakuna aliyekubali.

Maige: Ikawaje?

Ngosha: Tulishinda sisi. Wale waliingia kwenye shamba la pamba.

Maige: Na nyie?

Ngosha: Sisi tuliingia la upande wa pili.

Injinia: Dawa ni miwani ya jua.

Maige: Usiku?

Injinia: Akikumulika unavaa, akipita unavua. Macho hayana pazia, kwa hiyo litundike mwenyewe!

Ngosha: Mimi ningezima taa zote. Yeye si anazo? Zinawatosha nyote wawili. Umoja ni nguvu.

Shaibu: Na yeye akizima kwa umoja huohuo?

Ngosha: Hapo mtakutana tu. Milima haikutani, binadamu hukutana.

Tulicheka mpaka vizibo vya soda tunavyochezea drafti pale kwenye benchi vikamwagika. Maige peke yake hakucheka. Alikuwa na hofu, nasi tulikuwa tunaijua hofu yake tukaendelea kucheka.

Ndipo alipopanda Odeta kutoka Mwaloni, kanga kiunoni. Magunia yale ni yake, na kiti cha mbele pembeni ya Maige ndicho chake.

Odeta: Shikamoo, baba Shaibu.

Shaibu: Marahaba, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Odeta: Maige, jua limezama. Hatuondoki?

Injinia: Subiri kidogo, mama, tunamalizia utaalamu. Gari lina chongo dogo tu. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Odeta: Chongo la upande gani?

Injinia akamtazama Ngosha. Ngosha akatazama kikombe. Sote tukageuka nyuma, tukaona matako ya pikapu. Uso wake ulikuwa umelibusu jiwe tangu saa kumi.

Maige: Yule jamaa hakuniambia.

Injinia: Kwani kuna tofauti, mama?

Odeta: Mimi nakaa upande mmoja, Maige anakaa mwingine. Nataka kujua nani kati yetu haonekani.

 Maige alinyanyuka, akaingia garini, akawasha. Jiwe likang'aa upande wa kushoto, wa kichakani. Upande wa kulia, ule wa usukani, wanakopita wenzake, jiwe lilikuwa jeusi tii. Alikaa pale akiutazama ule weusi, kisha akazima, akashuka, akaanza kuzikaza upya kamba za magunia ili yalale vizuri.

Maige: Mama Odeta, tutaondoka kesho nikipata globu.

Odeta akasogeza kizibo cha drafti, akaketi kwenye benchi.

Odeta: Dagaa wangu wameshakauka, hawaozi leo. Baba Shaibu, nipe kahawa.

Shaibu akaliinamisha birika, akalitikisa. Likatoa machicha. Tulikuwa tumeimaliza yote kwa kumshauri Maige.